Salamanda wa familia

"Baba ni pika. Shangazi ni salamanda."

Neema alitoa hukumu hiyo Jumapili, mbele ya watu wote, amejilaza na kitabu chake cha wanyama wa milimani. Salamanda ni jamaa wa chura, mwenye umbo la mjusi. Nikauliza, "Mimi kwa nini?" Akajibu bila kuinua macho: "Kwa sababu hutoki mpaka mvua inyeshe." Kaka alicheka hadi akapaliwa. Wiki hii uhamisho wangu umekubaliwa na mama karudi kutoka hospitali, lakini linalonikosesha usingizi ni hilo tu. Hutoki mpaka mvua inyeshe. Mtoto wa miaka tisa!

Kwa kaka sina ubishi. Pika wa Marekani ni jamaa wa sungura, ila mkia wake hauonekani. Kiangazi chote hubeba majani na kuyarundika chini ya mawe, maana wakati wa theluji halali usingizi wa msimu mzima kama wanyama wengine wa milimani. Jirani akisogea, anapiga kelele. Jirani akizubaa, anamwibia. Huweka hata majani yenye sumu, kwani sumu hiyo huzuia rundo lisioze, naye huyala baadaye ikishapungua. Kaka mtupu.

Walipolala nikakichukua kile kitabu. Salamanda wa Shenandoah anaishi kwenye vilele vitatu tu huko Virginia, na tangu 1989 yumo kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini. Hana mapafu. Anapumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka amekwisha. Ndiyo maana hungoja usiku au mvua. Haya, Neema, umeshinda. Ila kuna aya aliyoiruka: pale kwenye mawe makavu salamanda huyu amesukumwa. Udongo wenye unyevu umeshikwa na ndugu yake mwenye mgongo mwekundu, asiyetaka mgeni. Nilicheka peke yangu gizani. Mnaokijua kisa cha chumba cha mbele mtanielewa.

Tena yule pika, pamoja na makelele yake, akikaa saa chache kwenye joto la nyuzi 26 hivi bila kivuli anaweza kufa. Nikamtumia kaka hilo saa sita usiku. Akajibu papo hapo: "Joto likipanda, wewe na mimi sote hatuna kilele kingine." Kwa mara ya kwanza wiki hii nilimpenda.

Mama hajaulizia redio yake tangu arudi. Nimeiweka karibu na kitanda, na betri mpya. Hajaigusa.