Siku Nzima ya Msasa

Saa kumi na moja alfajiri niko stejini Kayole, begi la vifaa mgongoni. Kufika saa moja na nusu niko South B, jikoni kwa mama mmoja anayetaka kaunta yake ibandikwe formika mpya, lile bamba jembamba gumu la kufunika mbao, nyeusi inayong'aa.

"Fundi, hii si ni ya masaa mawili? Unapaka gundi unabandika."

"Mama, kubandika ndiyo kazi ndogo."

Hadi saa nne nimeshabandua formika nzee na kukwangua gundi yake. Kisha nikafika kando ya sinki. Chipibodi, ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, imekunywa maji miaka na miaka, imevimba kama mandazi kwenye chai. Hiyo hailainishwi kwa msasa: ukiisugua inafumuka. Nikaikata yote, nikapachika kipande kikavu, nikazamisha vichwa vya skrubu, nikajaza fila, rojo ya kuzibia mapengo, kwenye maungio. Fila haikimbizwi, lazima ikauke. Mama akapita: "Umekaa tu?" Akapita tena. Mara ya tatu akanipimia saa kwenye simu yake, mimi nimeshika kikombe cha chai aliyonipa mwenyewe!

Fila ilipokauka nikachomeka mashine ya msasa, na stima ikapotea. Nairobi hii. Basi ni mkono: msasa namba 80 wa kukwaruza kwanza, halafu 120 ulio laini zaidi, umefungwa kwenye kipande cha mbao ili vidole visichimbe mabonde. Nikasimamisha rula ndefu, nikamulika tochi nyuma yake. Mwanga ukipenya chini, hapo pana bonde. Ulipenya pahali pawili. Fila tena, kungoja tena, na yule mama tena.

Formika haifiki hata milimita 2 kwa unene. Chembe moja ya vumbi ikibaki chini yake inatokeza kama chunusi, na kwenye nyeusi ya kung'aa utaiona ukiwa mlangoni. Kwa hiyo nilifagia, nikapangusa, nikapangusa tena. Saa ngapi hapo, sijui. Mabega yalikuwa moto.

Gundi ya kontakti nikapaka pande zote mbili, nikangoja hadi isinate kidoleni, nikapanga vijiti juu ya ubao, nikalaza formika, nikavichomoa kimoja kimoja. Ikishagusana haisogezwi. Dakika chache, kwisha.

Mama akapitisha kiganja. "Kumbe ni rahisi hivi! Ungefanya hii asubuhi."

Kwenye matatu ya kurudi makanga akaniangalia nywele, akaniuliza kama nimetoka poshomili.