Nilivyopata cheti cha huduma ya kwanza ya nyikani, na siafu walionichelewesha

Nilikuwa nimepanda Kilimanjaro kwa miaka sita, mitatu nikiwa mpagazi na mitatu nikiwa msaidizi wa kiongozi, na katika muda wote huo elimu yangu ya tiba ilikuwa chai ya tangawizi, panadol na maneno "pole pole". Sikuona upungufu wowote mpaka usiku mmoja katika kambi ya Barafu, mita 4,673, mpagazi mwenzetu alipoanza kukohoa povu huku kifua kikikoroma hata akiwa ameketi. Sisi tulimwongezea blanketi na kubishana kama ni nimonia. Mgeni wetu mmoja, mhudumu wa gari la wagonjwa kutoka Colorado, alimwekea sikio mgongoni, akasema kwamba mapafu yanajaa maji kwa sababu ya mwinuko na kwamba dawa ya kwanza ni kushuka, tena saa ile ile, si alfajiri. Tulimshusha kwa machela ya gurudumu moja. Tulipofika Mweka asubuhi aliweza kusema sentensi nzima bila kuhema, na sentensi yenyewe ilikuwa ya kuomba uji. Mchango wangu katika kazi hiyo yote ulikuwa kushika tochi.

Yule mgeni alinieleza kwamba kwao mtu husoma saa zipatazo 150 na kufanya mtihani kabla ya kuruhusiwa kuhudumu kwenye gari la wagonjwa, lakini kwamba kwa watu wa mlimani, ambao hospitali iko mbali nao kwa saa nyingi, ipo kozi nyingine ya saa 80 hivi, inayofundisha namna ya kukaa na mgonjwa muda wote huo.

Nilipoanza kuulizia mjini Moshi nilipewa ushauri wa kila aina, na karibu wote ulikuwa wa hovyo. Baba mdogo alisisitiza kwamba bila kufaulu baiolojia kidato cha nne nisijisumbue, jambo ambalo si kweli, kwani nilichotakiwa kuwa nacho ni Kiingereza cha kutosha na magoti mazima. Kiongozi mmoja mzee, ambaye namheshimu kwa mengine yote, alinielekeza kwa kijana anayechapa vyeti kwa elfu hamsini, na akashangaa kweli kweli nilipokataa. Nilisubiri hadi Mei, mvua zikiwa zimefukuza wageni, nikalipa laki nane hivi, labda tisa ukihesabu nauli na chakula, nikaingia darasani kwa siku kumi.

Nikiri kwamba nilifika nikiwa na majivuno, kwa sababu wiki mbili kabla nilikuwa nimejizoeza kukandamiza kifua, kama anavyofanyiwa mtu ambaye moyo umesimama, nyumbani kwa mama, nikitumia gunia la pumba za ng'ombe na saa ya ukutani, nikihakikisha nakwenda kati ya mara 100 na 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kwa kila mlio wa saa. Mwendo niliupata barabara. Nisichokijua ni kwamba pumba ukizibonyeza hubaki zimebonyea, ilhali kifua cha mtu lazima ukiachie kirudi juu kabisa ndipo moyo ujae damu tena; hivyo mikono yangu ilikuwa imejifunza kosa kwa bidii kubwa. Mkufunzi alinirudisha mwanzo. Jioni hiyo niliazima mpira wa ndani wa gurudumu la gari, nikaujaza upepo, nikauwekea ubao juu, nao ulinifundisha kwa siku mbili kile ambacho gunia lilikuwa limeniharibia. Anayetaka kujizoeza nyumbani atafute mpira, aache pumba kwa ng'ombe.

Mtihani wa vitendo ndio ulionivua nguo, na hapa sisemi kwa mafumbo. Mwanafunzi mwenzangu alilazwa chini ya mikaratusi akijifanya ameanguka jabalini, anapiga kelele za mguu kama anayechinjwa. Kanuni ya kwanza kabisa, iliyorudiwa kila asubuhi, ni kusimama, kutazama mahali kama ni salama na kuvaa glovu kabla ya kumkaribia mtu yeyote. Mimi, niliyewaambia wageni "pole pole" kwa miaka sita, nilikimbia na kupiga magoti katikati ya msafara wa siafu. Nilipowasikia walikuwa wameshapita magoti, lakini nilikuwa nimeshaanza kuufunga ule mguu kwa godoro jembamba la kulalia na fimbo ya kupandia, kazi niliyoijua vizuri, nikaona ni aibu kuiacha. Niliifunga huku machozi yakinitoka. Fundo la mwisho lilinishinda. Niliruka, nikavua suruali mbele ya darasa zima, na mkufunzi akatangaza kwa utulivu kwamba sasa tuna majeruhi wawili na mwokoaji hakuna. Kisha akamgeuza mgonjwa wangu na kunionyesha shati lililolowa rangi nyekundu mgongoni. Nilikuwa nimeupamba mguu wa mtu aliyekuwa akiishiwa damu, kwa sababu nilifuata kelele badala ya kufuata mpangilio: njia ya hewa, kupumua, damu inayotoka, ndipo mifupa.

Nilipewa nafasi ya kurudia baada ya siku mbili. Kilichokuwa kikinisumbua zaidi ni yale maswali sita ya kumhoji mgonjwa, ambayo kifupisho chake cha Kiingereza kilinitoka kila nilipotazamwa. Nikatunga changu: "Dada, maji yako?" Herufi nne za "dada" ni dalili, aleji, dawa anazotumia na afya yake ya nyuma, "maji" ni mlo wa mwisho, "yako" ni yaliyotokea kabla. Nililirudia neno hilo kwenye daladala mpaka kondakta akaniuliza kama nauza chupa.

Siku ya marudio nilisimama, nikatazama ardhi kwa muda ambao nadhani ulimchosha mkufunzi, nikavaa glovu. Mgonjwa alikuwa dada mmoja wa Marangu, mpishi wa mlimani, aliyepewa kadi ya kuigiza maumivu ya kichwa na kuchanganyikiwa. Nilijikumbusha maswali kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, naye akasahau kadi yake akanijibu, "Ninayo kaka, asante, yako kwenye begi." Darasa lilicheka. Nilimwinua nikamtembeza kisigino kwa kidole juu ya mstari, akayumba kama alivyoagizwa, nikasema hiyo ni dalili ya ubongo kuvimba kwa mwinuko na kwamba tunashuka naye sasa hivi, akiwa ameshikiliwa na watu wawili. Nilifaulu. Mpaka leo tukikutana kambini Shira, huniinulia chupa yake kabla ya salamu.