n, yani idadi ya watu kwenye sampuli, inaenda infiniti, sawa, ila inafika lini?

Juzi dada yangu kanipigia simu, yeye ni nesi huko nyumbani na anasoma masta jioni jioni, ananiambia mdogo wangu nina wagonjwa 40 walitumia dawa fulani na hakuna hata mmoja aliyetoka upele, sasa msimamizi wangu anataka asilimia pamoja na ile kitu yenu ya kujumlisha na kutoa. Nikamwambia dada hiyo ndogo, nipe dakika mbili. Nikachukua fomula ile ya kila mtu, ile ya 1.96 mara kipeuo cha p mara 1 kutoa p gawanya kwa n. p, yani sehemu ya waliotoka upele, ni sifuri. Jibu likaja sifuri kujumlisha na kutoa sifuri, yani tuna uhakika wa 95% kwamba dawa hii haitamtoa upele binadamu yeyote mpaka kiama 😂. Na mimi hapa niko mwaka wa pili wa PhD ya takwimu huku Marekani, mwezi wa nane nina mtihani wa kwali, ule wa kuruhusiwa kuendelea na PhD, na karatasi nzima ni nadharia ya sampuli kubwa.

Nikamwambia ntakupigia kesho.

Tatizo langu lilianza zamani. Digrii ya kwanza tulikaririshwa kwamba n ikifika 30 mambo shwari, tumia nomo (ule mchoro wa kengele, ndo unakotoka 1.96), na mimi nikaenda nalo hivyo hivyo, nikaja huku nalo. Nadharia yenyewe ukiifungua, ile teoremu ya ukomo wa kati (De Moivre alishaiona kwenye kurusha sarafu tangu 1733) hakuna mahali imeandikwa 30. Haijaandikwa namba yoyote. Inasema n ikiongezeka bila kikomo, wastani ukiusawazisha vizuri utafuata nomo, basi, na hapo ndo inakuacha, kama jamaa uliyemkopesha hela anakwambia "ntakulipa tu kaka usiwe na wasi", ahadi ni ya kweli kabisa na siku hana.

Jaribu mwenyewe, chukua kitu kinachotokea mara 2 kwenye 100. Ukiwa na watu 30, uwezekano wa kutomkuta hata mmoja ni 0.98 kwa kipeo cha 30, inakuja kama 0.55. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya sampuli zako za "n kubwa" zitakupa lile jibu la sifuri na sifuri nililopata mimi, na hiyo 95% inayoandikwa pale haifiki hata 46%. Ukiwa na watu 100 bado 13% ya sampuli zinatoka patupu.

Wapo waliojaribu kuweka tarehe kwenye hilo deni. Wanahisabati Berry 1941 na Esseen 1942, kila mtu kivyake, walionyesha kosa la kutumia nomo linapungua angalau kwa kasi ya 1 juu ya kipeuo cha n, na wakaweka mpaka ambao kosa haliwezi kuuvuka. Siku nimeelewa hiyo nikaipiga kwenye mfano wangu wa 2%, nikitaka kosa lisizidi 0.01 bila ubishi. Nikapata n zaidi ya 100,000. Najua huo ni mpaka wa hali mbaya kabisa, kwa kawaida mambo yanakuwa afadhali sana, lakini kutoka 30 hadi laki moja jamani.

Zana nyingine za sampuli kubwa, kama teoremu ya Slutsky na njia ya delta, hizo sina ugomvi nazo, unazoea kama kukuna nazi.

Iliyonikosesha usingizi ni mfano wa wanatakwimu Neyman na Scott wa 1948. Chukulia uko sokoni na mizani usiyoiamini, una magunia ya mchele, kila gunia unalipima mara mbili, unataka kujua mizani inayumba kiasi gani. Kila gunia lina uzito wake na hujui hata mmoja. Mimi akili yangu ikasema ongeza magunia tu, ndo sampuli kubwa hiyo si ndio? Nikaandika simulesheni usiku, yani kuigiza upimaji kwenye kompyuta, veriansi ya kweli (kipimo cha mizani inavyoyumba) nikaiweka 4, nikatumia maksimamu laiklihudi, kuchagua jibu linalofanya data uliyoiona iwe na uwezekano mkubwa zaidi, njia ambayo tunaambiwa ikipata data nyingi inafika kwenye ukweli. Magunia 1,000 nikapata karibu 2, magunia milioni moja ikatulia kwenye 2 kabisa haitikisiki. Nusu! Nikatafuta kosa kwenye programu niliyoandika mpaka saa tisa usiku, kumbe programu haina kosa. Kila gunia jipya linakuja na vipimo viwili na fumbo jipya moja, data inaongezeka na usichokijua nacho kinaongezeka, kwa hiyo hiyo n haijawahi kuwa kubwa kwa maana inayotakiwa. Na milioni yako inakupa uhakika mkubwa sana wa jibu la uongo, hiyo ndo inatisha. Dawa yake ni kuzidisha kwa 2, lakini lazima kwanza ujue unaumwa.

Basi kesho yake nikampigia dada. Nikamwambia chukua 3 gawanya kwa 40, andika kwamba upele unaweza kufika hadi kama 7.5%, na hiyo 3 inatokana na kuuliza kiwango gani cha upele kingefanya wagonjwa wote 40 kutoka bila upele kuwe na nafasi ya 5% tu, hamna nomo hapo wala infiniti. Akanyamaza kidogo. "Mdogo wangu, yani miaka miwili Marekani, 3 gawanya kwa 40?" Nikamwambia ndio dada. Akauliza na wangekuwa 400 je, nikamwambia hiyo piga mwenyewe mi naenda kusoma.