Kioo cha Wateja

Mama alipata kiharusi Januari 2020, asubuhi, akikoroga uji. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, ulimi ukawa mzito. Alipotoka wodini tuliambiwa neno ambalo sijalisahau: mwili hurudisha mengi zaidi katika ile miezi mitatu hadi sita ya mwanzo, kwa hiyo tusichezee mazoezi. Basi kila Jumanne na Ijumaa tukawa tunatoka Kayole kwenda kwa fizio. Mama akaanza kusimama bila kushikwa.

Tarehe 13 Machi, waziri wa afya Mutahi Kagwe akatangaza mgonjwa wa kwanza wa Corona nchini. Hesabu mwenyewe miezi hiyo. Kliniki ikasimamisha wagonjwa wa mazoezi. "Tutawapigia," wakasema. Walipiga Agosti.

Tulijaribu kliniki nyingine, mara moja tu. Matatu ya abiria 14 ilitakiwa kubeba 8, na nauli ikapanda maradufu. Makanga aliyezoea kumwinua Mama kumwingiza garini akarudi nyuma hatua mbili. "Mathee, leo siwezi kukugusa. Pole." Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa naogopa.

Lakini kilichonishinda ni ule mtungi wa kunawia pale stejini. Unakanyaga pedali, maji yanatoka, hushiki bomba. Aliyeubuni alifikiria kila kitu isipokuwa Mama. Akikanyaga kwa mguu mzima, mwili wote unabaki juu ya ule mlegevu. Akikanyaga kwa mlegevu, pedali haishuki. Na mkono wake mzima umeshika mkongojo. Nikakanyaga mimi, nikamkumbatia kiuno, nikamnawisha kama mtoto, huku foleni nyuma yetu ikinung'unika kuhusu mita moja na nusu. Mama akasema kitu ndani ya barakoa. Sikuambulia hata neno. Akaishusha.

"Nimesema, mkono mmoja haulei mwana, wala haujinawi!"

Akakemewa kwa kushusha barakoa.

Baada ya hapo tulikaa nyumbani. Mimi ni fundi cherehani, na miezi ile nilikuwa nashona barakoa mpaka macho yanauma. Kijana wa fizio, Mungu ambariki, alikuwa akinipigia WhatsApp jioni akishamaliza zamu, mpaka bando liishe, langu au lake.

"Una kioo?" akaniuliza siku moja.

Ninacho, kile cha wateja kujipimia. Tukakisimamisha mezani katikati ya mikono ya Mama, wa kulia ukajificha nyuma yake. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga kiganja cha kushoto akikitazama kiooni, ubongo upate kuona kama mkono mgonjwa ndio unaosogea. Jirani alichungulia mlangoni, akamkuta Mama ameukodolea macho mkono wake kiooni, midomo inamcheza. Akaondoka bila kuomba chumvi aliyoijia.

Kisha vifungo. Nilimwaga kopo langu lote kwenye sinia: vya matundu mawili huku, vya manne kule, kwa mkono wa kulia tu. Siku za mwanzo alivisukuma kwa kiganja kama anayefagia. Kidole gumba kilikataa katakata kukutana na cha shahada. Juni akainua kimoja, cha koti, kikubwa. Kilidumu hewani kama sekunde mbili, kikaanguka, kikaviringika chini ya cherehani. Tulibaki tunakitazama pale chini, hakuna aliyekiokota.

Bega, lakini, niliharibu mimi. Nilikuwa nikimvalisha sweta kwa kumvuta ule mkono mlegevu, na wiki tatu nzima nilidhani anavyokunja uso ni uchovu. Fizio aligundua Mei, kwa bahati tu, kwa sababu siku hiyo simu ilikuwa wazi nikimvalisha. Akaniambia bega la mtu wa kiharusi halivutwi, linabebwa kutoka chini, na ule mkono mgonjwa ndio unaotangulia kuingia kwenye sweta. Angekuwa ameushika mkono ule kwa mkono wake, angejua siku ya kwanza. Baridi ya Julai ikija, hapo ndipo panapomuuma mpaka leo.

Mtungi wa stejini ulikaa pale muda mrefu baada ya kafyu kuondolewa, hauna maji, bomba limeng'olewa. Mama alikuwa hapiti bila kuigonga ile pedali kwa mkongojo, kisha anageuka kunitazama kama nimeona.