Siku yangu kazini: nalipwa kuchemsha maji

Saa 12:30 asubuhi. Kazi yangu ni kujaribu majiko ya kuni, kuona yanakula kuni kiasi gani. Kabla ya chai naanza na kuni zenyewe. Nachoma kila kipande kwa sindano mbili za kipima unyevu. Kinachozidi asilimia 20 nakitenga. Kuni mbichi hula moto kwa kujikausha zenyewe, kisha lawama zote hupewa jiko.

Saa 1:30. Lita 5 za maji, sufuria bila mfuniko, jiko likiwa bado la baridi. Hapa Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi. Anayesubiri 100 atasubiri mpaka yakauke.

Yakichemka tu, mbio zinaanza. Natoa vijinga, nakung'uta makaa, napima haraka uzito wa kuni zilizobaki, makaa na maji. Makaa nayo ni nishati; ukiyasahau, jiko litaonekana lafi kuliko lilivyo. Narudia palepale jiko likiwa la moto.

Saa 3:00. Dakika 45 za moto mdogo, maji yatokote bila kupoa. Mimi naliamini zoezi hili kuliko yote. Majiko mengi yanajua kuwaka kwa fujo. Kutulia ndiyo kazi.

Saa 6 mchana. Hesabu, ugali, hesabu tena.

Saa 8:00. Napanda kijijini, upande wa Meru, kwa mama mmoja tuliyemwachia jiko la majaribio. Makande yako motoni, ila kwenye mafiga. Jiko letu liko pembeni, juu yake kuna birika.

“Shikamoo mama. Jiko limekukosea nini?”

“Marahaba mwanangu. Jiko zuri, moshi umepungua. Lakini kuni zangu haziingii. Nani wa kunipasulia? Na nikisonga ugali linacheza.”

Ananionyesha: anakanyaga mguu mmoja wa jiko, anashika mwiko kwa mikono miwili, anasonga hewa. Kweli, linahama. Maji hayasongwi, ndiyo maana asubuhi sikuliona hilo. Gogo lake moja linanijaa kiganja. Mlango wa jiko hauchukui hata nusu yake.

Saa 10:30 jioni, karakana. Fundi hataki kupanua mlango.

“Kaka, ukiupanua, hewa baridi itajaa ndani, moto upoe, moshi urudi.”

Ana haki. Lakini jiko linalopikia chai tu halijaokoa kuni yoyote, maana makande ya saa kadhaa bado yako kwenye mafiga. Tunabishana, tunakubaliana: miguu itanuliwe, na mlango upanuke kidogo, ukiwa na kibati cha kuuziba nusu, kuni zikiwa nyembamba.

Fundi anachora kwa chaki na kuuliza bati la ziada nani analipia. Bei ikipanda, mama yule hanunui. Kwa hiyo tunalitafuta kwenye masalia ya bati, na kesho naanza upya na lita 5.