Kifungu cha 448

Swali la tatu lilikuwa hivi, nikilitoa kwenye Kifaransa cha karatasi ya mtihani: mwanamke aliyeolewa, fundi cherehani wa Bukavu, alisaini Machi 2017 mkataba wa kushona sare za shule moja kwa mwaka mzima, ashone kwa mikono yake mwenyewe. Mumewe hakuulizwa. Sasa mume amemwendea mkuu wa shule akidai mkataba uvunjwe, kwa kuwa mke wa mtu hana uwezo wa kujifunga bila ruhusa ya bwana wake. Je, mume ana haki? Taja vifungu. Alama 8 juu ya 20.

Ilikuwa Julai 2018, kwetu Kongo ya Kinshasa, mtihani wa sheria ya kiraia, sehemu ya watu na familia, mwaka wa kwanza wa gradua, ile ngazi ya kwanza ya chuo kikuu katika mfumo wa zamani. Mfumo mpya wa LMD (lisansi, masta, dokta) ulikuwa bado haujatufikia. Nilifurahi nilipolisoma. Kifungu cha 448 cha Kode ya familia, yaani kitabu cha sheria za familia, nilikijua kama Baba Yetu: mke lazima apate ruhusa ya mume kwa kila tendo la kisheria linalomfunga kutimiza jambo yeye mwenyewe. Nikakiandika neno kwa neno, nikakipigia mstari kwa rula, nikahitimisha kwamba mume ana haki. Dakika 15, kwisha. Nikahamia swali la nne.

Kosa lenyewe halikuzaliwa siku ile, kwa hiyo nirudi nyuma kidogo.

Anayetoka sekondari anaingia kwenye sheria akiwa na silaha moja, kukariri, na kwa miezi ya kwanza silaha hiyo inamdanganya. Intero, yaani majaribio ya darasani, za mwanzo zinauliza maana: uwezo wa kuwa na haki ni nini, uwezo wa kuzitumia ni nini. Unaandika ulichokariri kwenye silabusi, unapata 7 juu ya 10, unajiona umefika. Mimi nilikuja kugundua jikoni kwamba tofauti ya mambo hayo mawili sikuwa nimeielewa. Mama mdogo, ambaye huuza vitenge Nyawera, aliniuliza nasoma nini usiku kucha. Nikamsomea Kifaransa changu. Akasema, “Sasa niambie kwa Kiswahili.” Nikakwama. Ilinichukua jioni nzima kufika hapa: mtoto mchanga anaweza kurithi nyumba, hiyo ni haki anayo, kuiuza hawezi, lazima mwingine atende kwa jina lake. Tangu hapo kila neno gumu la silabusi nilimpelekea yeye kwanza. Dawa hiyo naiamini hadi leo: neno la sheria usiloweza kumweleza mtu kwa lugha ya nyumbani bado hujalishika, hata kama unalitamka vizuri.

Tulikuwa na kundi la watu watano. Tuligawana sura, kila mmoja akaandika muhtasari wa sura yake na kuwapa wengine. Kazi ilikwenda haraka, ndiyo, lakini wiki ya mtihani kila mtu alikuwa bingwa wa sura moja na mgeni katika nne. Ukitaka kundi likufae, kila mtu asome sura zote kwanza, halafu mkutane kuulizana visa. Kugawana kusoma ni kama kugawana kula.

Na Kode. Kode yangu niliinunua kwa wapiga fotokopi: karatasi zilizobanwa kwa pini tatu, jalada la bluu, bila mwaka wala jina la mchapishaji. Ilikuwa nakala ya nakala ya nakala. Pembeni mwa kurasa nyingine ulikiona kivuli cheusi cha kidole gumba cha mtu aliyekishika kitabu kwenye mashine, miaka gani sijui. Hatukuwa na sababu ya kuishuku. Sheria ni sheria, tulidhani, kama Biblia.

Matokeo yalibandikwa kwenye valvu, ile mbao ya matangazo yenye wavu wa chuma. Kwetu alama ya somo ilipatikana kwa nusu mbili: wastani wa mwaka, yaani intero na kazi za mazoezi, juu ya 10, na mtihani juu ya 10 nyingine. Mwaka mzima nilikuwa na 6. Mtihani nilipata 7 juu ya 20, yaani 3,5. Jumla 9,5. Nusu alama ilinizuia kufika 10, nikaandikwa sesio ya pili, yaani kurudia mtihani Septemba.

Niliomba kuona karatasi yangu. Rekuru, yaani ombi la karatasi kutazamwa upya, si mahali pa kulia. Barua fupi inatosha: jina, promosyo (mwaka wa masomo uliomo), somo, tarehe ya mtihani, swali unalotaka litazamwe. Siku za kuipeleka ni chache, na anayengoja kutulia kwanza hukuta mlango umefungwa. Mwenzangu mmoja aliandika kurasa mbili kueleza alivyoonewa, hakuitwa.

Asistanti, yaani mhadhiri msaidizi wa somo, alinipokea ofisini, akaitafuta karatasi yangu kwenye rundo lililofungwa kwa kamba ya katani. Kwenye swali la tatu palikuwa na alama 1. Neno “Machi 2017” la karatasi ya maswali alikuwa amelizungushia duara, na pembeni mwa jibu langu ameandika kwa kalamu nyekundu kitu kimoja tu: “1987?”

“Kode yako iko wapi?” akaniuliza.

Nikaitoa kwenye mkoba. Akafungua moja kwa moja kwenye 448, hata yaliyomo hakuyatazama.

“Asistanti, ndiyo hiyo niliyoiandika.”

“Naona. Uliandika vizuri sana sheria iliyokufa.”

Kode ya familia ni Sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987. Lakini Sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha vifungu vyake vingi, na 448 ni kimojawapo. Ruhusa ya mume haipo tena. Kifungu kipya kinataka wanandoa wakubaliane, wote wawili, kwa matendo ya kisheria yanayowafunga kutimiza jambo. Silabusi yetu ilikuwa imeitaja sheria hiyo kwa mistari michache kwenye utangulizi, ukurasa ambao hakuna hata mmoja wa kundi letu aliyepewa kuusoma, kwa kuwa haukuwa sura.

Akachukua karatasi akanichorea jibu lilivyotakiwa kuwa. Kwanza, juu kabisa, tarehe mbili: ya tukio na ya sheria. Machi 2017 inakuja baada ya Julai 2016, kwa hiyo ni maandishi mapya. Kama fundi yule angesaini mwaka 2015, jibu langu lingekuwa na miguu, maana sheria kwa kawaida hairudi nyuma. Pili, kanuni: mtu mzima ana uwezo, kukosa uwezo ndiko kunakohitaji kifungu, na mke aliyeolewa hawekwi tena upande wa wasio na uwezo. Tatu, kuileta kanuni kwenye kisa: hoja ya mume, kwamba mkewe “hana uwezo”, inaanguka. Lakini usikimbilie kumpa mke ushindi wote, kwani makubaliano ya wawili bado yanatakiwa na hapa hayakuwepo. Mume alikuwa na hoja nyingine mkononi akashika ile mbovu. Na kamba hiyo hiyo inamfunga yeye pia: naye akijifunga kazi ya mwaka mzima, mkewe ana la kusema. Nne, hitimisho, sentensi moja au mbili. Mwanafunzi aliyegusa kifungu cha 14 cha Katiba ya 2006, kinachoitaka serikali iondoe ubaguzi dhidi ya mwanamke, aliongezewa kitu.

Halafu akaniuliza swali la tatu lilinichukua muda gani. Nikamwambia. Akapiga hesabu mbele yangu: mtihani wa saa 3 ni dakika 180, gawa kwa alama 20, kila alama ina dakika 9. Swali la alama 8 lilistahili dakika 72. Mimi nililipa 15, kisha nikatumia karibu saa nzima kwenye maana ya ndoa, swali la alama 3, kwa sababu niliijua sana. Nadhani hesabu hiyo iliniuma kuliko kifungu chenyewe.

Kabla sijatoka alinipa njia ya kupima kode yoyote unayouziwa barabarani. Usitazame jalada, jalada linabadilishwa. Tafuta ukurasa wa kwanza maneno ya Kifaransa yasemayo sheria “kama ilivyorekebishwa hadi sasa”, kisha fungua kifungu unachojua kimebadilika. Kwa Kode ya familia, 448: ukikuta ruhusa ya mume, rudisha. Kwa Katiba, 71: ukikuta rais anachaguliwa kwa wingi wa zaidi ya nusu ya kura, na duru ya pili, hiyo ni ile ya kabla ya marekebisho ya Januari 2011. Mashaka yakibaki, kuna Gazeti Rasmi la serikali, na maandishi mengi yako kwenye tovuti ya Leganet. Megabaiti za kupakua sheria moja ni bei ndogo kuliko sesio ya pili.

Kununua kode mpya sikuweza. Nilichapisha sheria ya 2016 peke yake, nikakata kila kifungu kipya kwa mkasi, nikakigandisha kwa gundi juu ya kile cha zamani, upande mmoja tu, ili niweze kukifunua na kusoma cha chini. Kazi hiyo ilinikula siku nne pale barazani kwa mama mdogo, na ndiyo iliyokuwa maandalizi yangu makubwa ya Septemba. Unapogandisha kifungu unalazimika kukisoma mara mbili, kipya na cha zamani, na kujiuliza kilichohama ni neno lipi. Maneno mengine yalihama kidogo sana, “mume” likawa “wanandoa”, na kisa kizima kikageuka.

Sesio ya pili kisa kilihusu mahari, kifungu cha 361, na ndoa iliyofungwa mwaka 2014. Niliiona tarehe kabla ya majina ya watu. Nilipata 13.

Kode ile ninayo. Imevimba kwa karatasi na gundi, haifungiki tena, naifunga kwa ukanda wa raba ya tairi. Ukurasa wa 448 ndio uliochakaa kuliko yote. Gundi imeachia, na kipande cha 2016 huanguka kila nikifungua.