Siku moja maishani mwangu: mdadisi wa tathmini ya mimba za utotoni, Chamwino

Saa 11 alfajiri. Dodoma saa hizi kuna kaupepo kabaridi usipime. Nachomoa tableti kwenye chaji, pawabenki kwenye begi, haooo.

Saa 1 tushapita Buigiri. Mradi umefundisha mabinti kujikinga na mimba kwa miaka miwili, sisi tumetumwa kuangalia kama mimba zimepungua kweli au watu walikula soda za semina tu.

Saa 3 shuleni. Mabinti wanajibu chap chap kama wamekariri, maksi za juu balaa. Ila orodha ya mabinti wa mwanzo wa mradi ina majina 40 na waliopo ni 31, msimamizi ananiambia jaza "hayupo" twende zetu. Weee! Aliyepata mimba si ndo wa kwanza kupotea shule? Ukihoji waliobaki tu, mradi wowote utaonekana umefaulu. Tumebishana mpaka akachoka, akanipa boda.

Saa 6, kwa mmoja wa wale tisa. Nikasalimia Kigogo, "Mbukwenyi", mama kanikaribisha vizuri na kuridhia, nikakaa na binti chini ya mbuyu mbali kidogo tusisikike. Ana miaka 17, mtoto mgongoni. "Dada somo nilielewa, hata kondomu najua, ila shule mbali nikapanga chumba, unga ukaisha, yule kaka ndo akawa ananinunulia." Dodoso langu halina swali la unga. Nimeandika pembeni kwenye maoni. Mdadisi haruhusiwi kushauri katikati ya mahojiano, nikasubiri tumalize ndo nikamwambia tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu kurudi shule baada ya kujifungua. Hakuna aliyekuwa amemwambia!

Saa 8 ugali wa uwele na mlenda, nguvu zikarudi.

Saa 10 kijiji cha kulinganisha, ambako mradi haukufika. Watu huona huku tunapoteza mafuta, lakini takwimu za taifa za wasichana wa miaka 15 mpaka 19 waliowahi kupata mimba zilikuwa asilimia 27 mwaka 2015/16, zikashuka hadi 22 mwaka 2022, sasa bila kijiji hiki kila mradi utasema ni mimi nimeshusha.

Saa 2 usiku gesti, natuma data, mtandao unakatakata. Kati ya tisa nimepata sita, wanne wana watoto. Kesho natafuta watatu waliobaki, mmoja wanasema kaolewa Manyoni, nauli sijui nitamwomba vipi msimamizi.